Jini la Ukuta wa Mama Wangui

Najua hii stori mmeshaisikia, tena mmeisikia vibaya. Kuna jamaa wa Sotik anayesema nilizimia, na kuna mama mmoja hapa sokoni anayeapa kwamba niliombewa mpaka nikaanguka chini, kwa hivyo nimeona heri niiandike mwenyewe, vile ilikuwa, ili angalau mkinicheka mnicheke kwa sababu za kweli. (Sikuzimia. Ningependa sana kuzimia siku ile, lakini mwili ulikataa kunisaidia.)

Mimi niko kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa karibu na Kapkatet. Nyumbani naitwa Kiprono, lakini kila mtu mwingine ananiita Redio, na jina hilo nilipewa kwenye ukumbi wa video wa Mama Wangui. Ili muelewe aibu yangu lazima kwanza niwaeleze kazi niliyokuwa nikifanya pale, kwa sababu nikimwambia mtu wa mbali kwamba kuna kazi kama hiyo anadhani namdanganya.

Ukumbi wenyewe ni nyumba ndefu ya mbao iliyoezekwa mabati, haina dari, na huku kwetu mvua haihitaji mwaliko. Ikifika saa nane hivi mchana anga inajikunja upande wa mashamba ya chai, saa tisa inaanza kumwaga, na mara nyingi inamwaga mawe. Sasa wewe keti chini ya mabati matupu, mawe yakipiga juu kama mtu anamwaga lori la kokoto, halafu uniambie kama utasikia mtu wa filamu akimwambia mkewe anamwacha. Husikii kitu. Unaona midomo tu. Kwa hivyo tangu zamani, mvua ya mawe ikianza, mtu mmoja mwenye koo pana anasimama mbele karibu na ukuta wa picha na kuwapigia watu kelele wajue kinachosemwa. Kazi hiyo ilikuwa ya fundi mmoja wa baiskeli mpaka sauti yake ikaisha kabisa, akabaki anaongea kama mlango, nami nikarithi. Malipo ni kuingia bure na chapati moja ya moto, na sikuwa mbaya, kwa sababu rafiki yangu Kibet alikuwa akizitafuta filamu mapema kwa simu ya ndugu yake, tunaziangalia nyuma ya zizi la ng'ombe, kwa hivyo mvua ikinyesha mimi nilikuwa nasimulia kitu ninachokijua.

Shikeni hapo. Kitu ninachokijua.

Sasa ukumbi. Ulifunguliwa na marehemu Baba Wangui, mzee aliyehamia huku kutoka Mwea na kufanya biashara, na watu wanasema enzi zake picha ilikuwa picha. Alikuwa na kitambaa laini cha kupangusa kioo cha projekta ambacho hata mkewe hakuruhusiwa kukigusa, na ukiwasha tochi ndani anakutoa nje kwa sikio, hata kama wewe ni mzee wa kanisa. Alipofariki, Mama Wangui aliendelea, lakini yeye ni mtu wa chapati, projekta ni kitu alichoachiwa kama vile mtu anaachiwa punda. Jiko akalileta ndani kwa sababu ya mvua, moshi ukaanza kupaka ukuta. Balbu ikazeeka. Rangi zikaharibika mpaka kila mwigizaji akawa wa kijani, unaona polisi na mwizi wote wako kama majani yaliyotoka kuchunwa asubuhi. Sauti ikawa inakuja ikichelewa, mtu anapigwa kofi, anaanguka, anainuka, anapangusa nguo, ndipo unasikia "paa!" Na projekta yenyewe ilikuwa imewekwa juu ya kreti za soda, kreti zikalegea upande mmoja, picha ikahama kushoto mpaka kipande chake kikawa kinaangukia mlangoni. Mwigizaji akienda kushoto anapita mlango. Mteja akifungua mlango kuingia, nusu ya mwigizaji inatoka nje sokoni.

Watu wakaacha kuja. Wengine walisema wana simu zao, heri waangalie picha ndogo inayoonekana kuliko picha kubwa ya kubahatisha. Siku za wiki tulikuwa tunabaki mimi, Kibet, na mzee mmoja anayekuja kulala.

Jioni moja Mama Wangui akaniita karibu na jiko, akaniambia mtu wa mbolea amerudi. Alikuwa ni mfanyabiashara anayetafuta stoo ya kuweka magunia ya mbolea ya chai, na alishakuja mara kadhaa kupima kuta kwa macho. Mama akasema mwezi ukiisha hivi hivi atampa, kwa sababu chapati haziwezi kulisha projekta, na projekta hailishi mtu. Hakulia wala nini. Alisema huku akigeuza chapati. Lakini akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliniponza.

"Redio, kama ningepata hata shule moja. Shule moja ikija, zingine zinafuata."

Wiki hiyohiyo (ona vile shetani anapanga ratiba) mwalimu wetu wa Kiswahili, Madam Cherono, akaingia darasani akasema ametafuta filamu ya ile tamthilia tunayosoma kwa lazima, kwa sababu amegundua hakuna anayeisoma. Hapo alikuwa sahihi. Mimi kitabu changu nilikuwa nakitumia kuzuia dirisha lisigonge. Akasema kuna njia mbili: tusafiri mpaka Kericho kwenye ukumbi wenye viti vya sponji, au kama kuna mahali pa karibu penye picha nzuri, twende hapo. Akauliza kama kuna mtu anayeujua ukumbi wa Mama Wangui.

Nikasimama. Hakuna aliyenisukuma, nataka hilo lieleweke, miguu ilikuwa yangu.

"Madam, picha ya pale ni safi. Nzi akitua kwenye filamu, unainua mkono kumfukuza."

Darasa likacheka, na Chepkoech, msichana anayekaa dawati la mbele yangu na ambaye amewahi kuingia pale akatoka akilalamikia macho, akageuka akaniangalia kama mtu anayeangalia nyumba ikianza kuungua. Madam akaniuliza nina uhakika. Nikasema uhakika kabisa. Akaandika ubaoni: Jumamosi, alasiri, kwa Mama Wangui.

Alasiri, kwa sababu Jumamosi asubuhi hapa kwetu ni ya majani. Hakuna mzazi atakayemwachilia mtoto kabla chai haijachunwa na kupelekwa kupimwa, hata kama mtoto anaenda kuonana na rais. Mtakumbuka nilichosema kuhusu mvua na alasiri. Mimi sikukumbuka.

Ijumaa baada ya masomo nikaenda kwa Mama Wangui na Kibet kumpa habari njema. Mama alikaa juu ya gunia la unga, akasema haiya, halafu akasimama akaangalia ule ukuta wake wa picha kana kwamba ndio anauona mara ya kwanza. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Nikasema hilo ni jambo dogo, tutaupaka chokaa. Kibet akauliza itakauka saa ngapi. Mama akasema kwao Mwea unapaka chokaa, unaenda kuchota maji, ukirudi imeshakauka na imekuwa nyeupe mpaka inakuumiza macho. Sisi wawili tumezaliwa hapa, tumelelewa hapa, tunajua kwamba huku hata soksi inachukua siku tatu kwenye kamba, lakini tukamwamini, kwa sababu alikuwa na furaha na hakuna aliyetaka kuiharibu. Tukapaka. Tukapaka mara mbili ili iwe nyeupe zaidi.

Kama hujawahi kupaka chokaa, jua hivi: ikiwa mbichi si nyeupe. Ni kama maji yaliyooshewa vyombo. Weupe wake unakuja ikikauka.

Jumamosi tulipofika, ukuta ulikuwa umelowa na umekuwa wa kijivu, mweusi kuliko ulivyokuwa kabla hatujausaidia. Madam Cherono aliingia na darasa zima, akaketi nyuma kabisa karibu na jiko kwa sababu alikuwa na baridi, akatoa karatasi za kusahihisha. Filamu yenyewe alishaiona, na kitabu alikuwa anakijua kwa moyo. Mimi nikakaa mbele, mahali pangu, na Chepkoech akakaa kando yangu kwa sababu nafasi nyingine zilikuwa zimeisha. Mama Wangui akawasha projekta, na ukutani kukatokea kitu ambacho nikisema ni picha nitakuwa nakosea picha nyingine heshima. Vivuli vya kijani vilikuwa vikitembea ndani ya uji.

Mwanzoni kulikuwa na sauti, kwa hivyo tulielewa kwamba kuna mjane, mumewe amefariki, na kuna shamba. Tukaelewa kwamba kuna shemeji anayelitaka hilo shamba. Halafu mawe yakaanza, moja, mawili, na baadaye yote kwa pamoja, na sauti ikafa, na nyuma yangu nikasikia wanafunzi wenzangu wakianza, polepole, wakipiga mabenchi, wakisema Redio, Redio, Redio.

Ningeweza kusema filamu hii sijaiona, na kitabu sijakisoma. Lakini Mama Wangui alikuwa ananiangalia kutoka kwenye jiko, na darasa lilikuwa linaniita, na mtu ukiitwa jina lako na watu wengi hivyo unainuka kabla hujafikiri. Nikainuka, nikageukia watu, nikaanza kusimulia.

Kwanza wakatokea wanaume wawili wenye kanzu na kofia. Kwa mwanga ule walikuwa kitu kimoja kilichogawanywa mara mbili, kwa hivyo nikawatangazia watu kwamba shemeji ana pacha. Chepkoech akanivuta shati.

"Redio, huyo si pacha. Huyo ni mzee wa kijiji."

"Umejuaje?"

"Nimesoma kitabu."

Nikamwambia hapa tunaangalia filamu, hatusomi. Kwa hivyo pacha akabaki. Nikampa hata jina, Hasani, na tabia mbaya ya kunusa vitu kabla ya kuviiba (hiyo ya kunusa ilitokana na vile kivuli kilikuwa kimeinama, baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa anasujudu).

Halafu mjane akaanguka. Alishika kifua, akaanguka kando ya meza, na akalala pale muda mrefu, na mimi nikasema kwa huzuni kubwa kwamba amekufa. Niliisema vizuri. Niliona wasichana wengine wakifuta macho. Sasa shida ni kwamba baada ya muda mjane akaamka na kuketi. Nilikuwa nimeshamuua. Sikuweza kumrudishia uhai bila sababu, watu wangeona sijui ninachosema, na wakati huohuo ukatokea mkono kutoka upande wa kushoto, mkono mtupu bila mtu, kwa sababu mwenye mkono alikuwa ameangukia mlangoni, na mkono huo ukaweka kikombe mezani mbele ya mjane, ukatoweka.

Mimi ningefanya nini? Nikasema ni jini.

Ukumbi ukanyamaza ukiacha mawe tu. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunisikiliza hivyo maishani mwangu, hata nyumbani. Nikaeleza kwamba jini hilo lilikuwa la marehemu mume wake, kwamba linamnywesha maiti wa mkewe kitu cha kumwamsha, na kwamba kuanzia sasa huyu siye mjane tena, ni jini lenye mwili wa mjane, na pacha wajichunge. Kila mkono ulipotoka kushoto, na mikono mingi ilitoka kushoto siku ile, nilipiga ukelele na darasa zima likajirusha nyuma. Chepkoech aliacha kunivuta shati. Aliweka mkono shavuni akatulia. Na kule nyuma Madam Cherono, ambaye kwa kelele za mabati hakuwa anasikia hata neno moja, aliinua kichwa akaniona nikisimulia kwa bidii, akatabasamu, akaniinulia kidole gumba. Nilimwinulia changu.

Tulipotoka, mvua ikiwa imekatika, wanafunzi walisema hawajawahi kuona filamu nzuri kama ile. Madam akamwambia Mama Wangui kwamba picha haikuwa safi sana lakini watoto wamefurahi, na kwamba atazungumza na mwalimu mkuu. Mama akanipa chapati mbili. Nikaenda nyumbani nikijiona mtu.

Jumatatu Madam akatupa insha tueleze mgogoro mkuu katika tamthilia. Darasa zima likainama likaandika kama linalipwa. Alhamisi akarudi na karatasi, akaziweka mezani kwa kishindo kilichonifanya nianze kuangalia mlango ulipo. Akasoma karatasi ya kwanza. Ilisema mgogoro ni kati ya pacha wawili na jini. Akasoma ya pili. Jini. Akasoma ya Kibet, ambaye alikuwa ameongeza kwamba mwandishi anatufundisha tusikubali vikombe kutoka kwa mikono isiyo na watu. Akasema katika darasa zima ni Chepkoech peke yake aliyeandika kuhusu shamba. Akauliza jini limetoka wapi. Watu wakaangalia madawati. Mimi niliangalia dawati langu kuliko wote.

Hapo Madam akafikiria vile mtu yeyote mwenye akili angefikiria. Watoto hawa wote hawawezi kuota ndoto moja, kwa hivyo walionyeshwa filamu nyingine. Akiwa nyuma, anasahihisha, Mama Wangui amebadilisha filamu akaweka ya majini. Alisema hivyo kwa sauti, akitikisa kichwa, na mimi nikafungua mdomo, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Ilipofika jioni, stori ilikuwa imeshatoka shuleni, imevuka barabara, imefika kwenye kituo cha kupimia majani, na pale ikapata miguu. Mama Wangui ameonyesha watoto wa shule majini. Na sasa lazima niwaambie kitu kingine, kwamba ukumbi ule Jumapili ni kanisa. Kanisa letu linajengwa, limefika kwenye madirisha likachoka, kwa hivyo tunaabudu kwa Mama Wangui, na baba yangu ni mzee wa kanisa hilo. Wakristo wakaanza kuulizana vipi tunaweza kuimba Jumapili mbele ya ukuta ambao Jumamosi ulikuwa na jini. Wakisema wahame, na shule ikisema haiji, basi mtu wa mbolea hahitaji tena kupima kwa macho, anakuja na lori.

Wakati wa chakula Baba akaweka kijiko chini.

"Kiprono. Mlionyeshwa majini?"

"Picha haikuwa inaonekana vizuri, Baba."

"Sijauliza kama ilionekana. Nimeuliza kama yalikuwepo."

"Sikuona vizuri, Baba."

Ambayo, mkiitazama kwa makini, haikuwa uongo. Baba aliniangalia akaendelea kula.

Ijumaa Mama Wangui akanisimamisha njiani nikitoka shule. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lilikuwa baya. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa, kama mtu aliyeambiwa amefanya kitu akiwa amelala. Akaniambia yeye siku ile alikuwa kwenye jiko akikaanga, ukutani hakuangalia, na labda kile kikaseti cha filamu alicholeta Madam kilikuwa na kitu ndani, yeye hajui mambo ya kompyuta.

"Wewe ulikuwa mbele. Niambie ukweli, uliona jini kwa ukuta wangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pacha, mkono, maiti, Hasani anayenusa, na nilipomaliza nilingoja anipige, kwa sababu alikuwa ameshika mwiko wa chuma. Hakunipiga. Alisimama pale akiangalia barabara, lori la majani likapita likirusha matope, ndipo akasema polepole kwamba basi Jumapili baada ya ibada mtu yeyote asiondoke. Filamu itaonyeshwa tena, bure, kwa wazazi wote. Na mimi nitaketi mbele, pale pale, nikiwa nimefunga mdomo.

Sijawahi kuona kanisa limejaa kama Jumapili ile. Hata watu wa makanisa mengine walikuja. Baba alifupisha mahubiri (watu watamkumbuka kwa hilo), akasimama akasema tumesikia mengi wiki hii, sasa kila mtu ataangalia kwa macho yake, na aliyeleta hii habari Mungu anamwona. Darasa langu lilikuwa limekaa pamoja. Madam Cherono alikuwa katikati ya akina mama akiwa amekunja mikono. Ilikuwa bado asubuhi, jua lilikuwa nje, hakuna wingu hata la kubahatisha.

Halafu Mama Wangui akawasha, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Chokaa ilikuwa imekauka. Wiki nzima ilikuwa imekaa pale ikikauka, na sasa ukuta ulikuwa mweupe mpaka ile balbu mzee ilionekana kama imezaliwa tena. Mama alikuwa amenyoosha zile kreti kwa vipande vya mbao, picha ikarudi ukutani yote, ikauacha mlango. Akapangusa kioo kwa kile kitambaa cha marehemu. Wazee waliokuwa wakija hapo enzi za Baba Wangui walianza kunong'onezana, na mmoja akavua kofia. Kwa nini isingekuwa hivi wiki moja kabla, mimi sijui, na hakuna mtu aliyeniuliza.

Ilikuwa wazi kabisa, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu kila kitu kilionekana.

Wale wanaume wawili wa kanzu wakatokea. Mmoja alikuwa mrefu, mweusi, hana ndevu. Mwingine alikuwa mfupi, mnene, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi. Hata mama yao asingewachanganya. Darasa langu lote likageuza vichwa likaniangalia. Mjane akaanguka, na kabla hajafika chini akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwamba ana kizunguzungu kwa sababu ya njaa. Vichwa vikageuka tena, na safari hii wazazi wachache pia. Halafu ukatokea mkono kutoka kushoto, na nyuma ya mkono kukawa na mtu mzima, jirani, mama mnene mwenye kitambaa cha manjano, amebeba kikombe cha uji, akisema pole dada, kunywa kidogo. Kibet alitoa sauti kama puncha. Mtoto mmoja mdogo pale mbele akamuuliza mamake, bila kunong'ona, kama huyo ndiye jini. Mama akamwambia hapana, huyo ni mama tu. Kila uji ulipoletwa, na yule jirani alikuwa mkarimu ajabu, kanisa zima liligeuka kunitazama kama watu wanaoangalia mpira wa meza. Kufikia katikati ya filamu nilikuwa nimekariri mbao za sakafu.

Filamu ikaisha. Mjane alibaki na shamba lake. Watu wakapiga makofi, na Baba akasimama, kwa sababu yeye ndiye aliyeianzisha na lazima aifunge.

"Tumeona yote. Sasa hilo jini liko wapi?"

Mama Wangui alikuwa amesimama kando ya projekta na mwiko wake. Akaunyoosha kwangu.

"Jini ni huyo hapo mbele. Anaitwa Redio."

Baba alinitazama. Alitazama mwiko, akanitazama tena, kanisa zima likingoja kuona kama atanikana. Akashusha pumzi.

"Huyo ni wangu," akasema, akaketi.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani alikuwa Madam Cherono, kwa sababu nilimwona amefunika uso kwa leso na mabega yanatikisika, lakini baada ya hapo walikuwa wote, wachungaji, wachuna majani, wale wa makanisa mengine, hadi yule mzee anayekuja kulala aliyekuwa macho kwa mara ya kwanza, na mimi nilisimama katikati ya kicheko hicho kama nguzo ya stima.

Kanisa halikuhama. Mtu wa mbolea alipata stoo upande wa Longisa. Madam alizungumza na mwalimu mkuu, na muhula ujao kidato cha pili na cha tatu wataletwa, asubuhi, baada ya wazazi kuandikiwa wawaachilie kutoka kwenye chai mara moja tu, na Mama Wangui ameshaniambia nisimame mbali na chokaa. Kazi ya kusimulia wakati wa mvua amepewa Chepkoech. Anasimulia polepole, kwa ukweli, bila kuongeza chumvi, na ukiniuliza mimi ni kama kusikiliza hali ya hewa, lakini hakuna anayeniuliza.

Adhabu yangu ilikuwa kusoma tamthilia yote kwa sauti mbele ya shule nzima kwenye gwaride, kurasa chache kila asubuhi, mpaka mwisho. Nimeimaliza. Na hapa mbele yenu naapa kwamba sitasimulia tena kitu ambacho sijakiona au sijakisoma, hata watu wapige mabenchi mpaka yavunjike. Kitabu chenyewe ni kizuri, kina mafunzo, kina shamba, kina uji mwingi. Hakina jini. (Naona mwandishi angefikiria hilo kidogo, lakini nimeshaapa.)